Mlonge kwenye Turubai la Marudio

Siku Ngusa alipomwona Zipora kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amemkamata mchuuzi ukosi wa shati katikati ya soko la Rwamgasa. Mchuuzi alikuwa akitangaza kwamba unga wa majani ya mlonge unaponya sukari na presha.

"Dada yangu aliacha vidonge vya sukari kwa maneno kama hayo," alisema Zipora. "Tulimzika na mguu mmoja. Mlonge ni mboga. Uuze kama mboga."

"Mama, niachie shati, ninalo hilo hilo."

Watu wakacheka. Zipora hakucheka.

Wiki hiyo hiyo alikuja na gunia la majani makavu ya mlonge na muhogo kidogo kwenye mashine ya nafaka ambayo Ngusa alikuwa msagaji wake. Ngusa ana umri wa miaka arobaini na ushee, na mpaka leo hawezi kumtazama mtu usoni.

"Shikamoo, mayu," aliliambia gunia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Tangulia kusaga muhogo huu usafishe mashine, unga wake uwape kuku. Kisha usage majani yangu."

Ikawa hivyo kila wiki. Majani Zipora aliyaanika ndani, kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A, na unga ulitoka kijani. Aliweka kijiko kimoja kwenye uji wa kila mtoto kati ya watoto kumi na mmoja waliokonda, ambao mama zao walishinda wakiponda mawe ya dhahabu. Mjukuu wake Asteria alitibiwa utapiamlo katika hospitali ya Kolandoto, akarudi, akapata nguvu kwa uji huo wa karanga, dagaa na mlonge.

"Humo mna protini, mna madini ya chuma ya kuongeza damu, mna kalsiamu ya mifupa," aliwaambia wale mama. "Lakini mtoto akiharisha, usinitafute mimi. Nenda zahanati."

Masika yaliyopita alikwenda msibani Ushirombo, akamwachia Ngusa majani mabichi ayaanike stoo. Mvua ikanyesha siku mbili, majani yakaanza kunuka. Jua lilipochomoza, Charles, mwenye mashine, akaonyesha turubai lililokuwa kando ya karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu.

"Mwaga pale. Jioni yamekauka."

Turubai lile lilikuwa la kuanikia marudio, mchanga unaobaki dhahabu ikishakamatwa kwa zebaki. Ngusa alijua. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaanika. Akasaga.

Zipora aliporudi, alichota unga kidogo, akausugua kwenye kiganja. Ulikuwa wa kahawia, na ulikwaruza.

"Mmeanika wapi?"

"Mama, mchanga kidogo umemuua nani?" alisema Charles. "Sisi zebaki tunaishika kwa mikono na ugali tunakula."

"Nyie mmeshakua. Mimi nina watoto wa kilo saba." Akamgeukia msagaji. "Ngusa. Wapi?"

Ngusa akaitazama miguu yake. Akasema, "Kwenye turubai la marudio, mayu."

Zipora alilibeba gunia zima mpaka chooni, akalimwaga shimoni, gunia nalo akalitupa. Wiki tatu watoto wale walikunywa uji mtupu, na Asteria akaanza tena kuchoka kabla ya adhuhuri. Ngusa alimchukia Charles kwa moyo wote, lakini alijichukia mwenyewe zaidi, kwa sababu Charles hakuwahi kuaminiwa na mtu.

Akaacha kazi pale. Asubuhi moja akaenda kwa Zipora, akamkuta anatwanga mlonge kwenye kinu, mikono imetoka malengelenge. Akasimama uani, kati yake na jiko lenye sufuria ya uji.

"Nipe mchi, mayu, nikusaidie."

Zipora aliendelea kutwanga.

"Nilikuachia wewe kwa sababu huna maneno mengi," alisema. "Sikujua kwamba hata neno moja huna. Toka hapo, unanikinga nisilione jiko, na uji wa watoto unaungua."