Namba Iliyosomeka Pande Zote

Jirani anakata fimbo za mpera. Harufu ya gome bichi imenirudisha kwenye darasa la nyasi, katika kijiji cha ujamaa tulikohamishiwa huko Ngara baada ya mgambo kuchoma nyumba zetu.

Mwalimu aliandika ubaoni 12344321. Dada yangu akaigawa kwa kumi na moja, akapata 1122211.

"Mwalimu, hata jibu linasomeka vilevile ukianzia nyuma."

Mwalimu hakuwa ameliona hilo, na darasa likacheka.

"Nyoosha mikono."

Alimchapa viganja mpaka vikachanika. Kisha akasema, "Geuza. Sasa tuanzie nyuma." Fimbo ikavunjika, akachukua nyingine.

Jioni mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Mikono ilikuwa imevimba hata hujui kiganja kiko upande gani.