Nilipimwa Presha kwa Jina la Rafiki Yangu, Sasa Shangazi Yake Anaitwa Mchawi

Admin, jina langu lifiche. Na nyie wadau msihangaike kutafuta ni saiti ipi, Mwanza siku hizi wanajenga kila kona. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, fundi plasta, nina mke na watoto wawili, tunakaa Mkuyuni. Rafiki yangu ana wiki tatu kaburini na mimi sijalia hata siku moja. Nakula vizuri, nalala vizuri. Nalisema hilo makusudi, maana ndilo linalonitisha.

Nitamwita Masanja. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa, ukuta mmoja yeye na mimi. Kwenye kampuni yetu kila baada ya miezi sita wanakuja manesi, wanaweka meza chini ya turubai, wanapima presha, sukari, macho na kifua. Ukikutwa mzima unapewa cheti chenye jina lako, na hicho ndicho ruhusa ya kupanda jukwaani kufanya kazi za juu. Ukikutwa na presha hupandi. Sisi mafundi tulikuwa tunaambiana kwamba hupandi maana yake rudi kwenu ukalime pamba.

Sasa na sisi tuna ujanja wetu wa kijinga. Cheti hakina picha. Manesi wanatoka nje, hawatujui, na wote tuna saruji mpaka kwenye kope. Kwa hiyo mwenye presha anamtafuta mwenzake aliye mzima, yule anapimwa kwa jina lake mwenyewe, halafu ananawa uso, anabadili shati, anarudi foleni kupimwa kwa jina la mwenye presha. Tunaita kukopesha mkono. Nimemkopesha Masanja mkono mara tatu.

Dawa alikuwa nazo, alipewa zahanati. Alimeza wiki mbili akaacha. Aliniambia, "Kaka, hivi vidonge vinanikojoza balaa. Nashuka ghorofa ya nne kila saa, mpaka fomeni ananiuliza kama nina mimba." Nilicheka mpaka nikaweka mwiko chini. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Mara ya mwisho nesi alinifunga kile kitambaa, akatazama mashine, akasema, "Masanja, presha yako nzuri kabisa. Endelea hivyo hivyo." Nikajibu, "Asante dada." Mwenyewe Masanja alikuwa amesimama nyuma ya rundo la matofali anasubiri cheti chake. Alininunulia soda.

Haikupita miezi miwili. Saa nne asubuhi tunapiga plasta, akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia akae kidogo anywe maji. Akakaa palepale kwenye mbao za jukwaa, mdomo ukaenda upande, akalala kwa ubavu. Tulimshusha wanaume sita. Alikaa hospitali siku mbili akafariki. Daktari aliiambia familia kwamba presha ilikuwa juu sana, mshipa wa kichwani umepasuka.

Tulipotoka kuzika, afisa usalama wa kampuni alitukusanya. Akasema hajawahi kufukuzwa mtu kwa sababu ya presha, anahamishiwa chini kukata nondo mpaka itulie, mshahara uleule. Akasema alishatuambia hayo tangu siku ya kwanza. Inawezekana. Siku hiyo tulikuwa tunapiga kelele tunasubiri chai.

Lakini si hilo lililonileta hapa. Msibani kaka yake mkubwa alikiinua kile cheti mbele za watu. "Presha ipi? Someni wenyewe! Ndugu yangu kapimwa juzi tu akakutwa mzima. Huyu kachezewa!" Na wa kumtuhumu wanaye. Ni shangazi yao, bibi wa miaka sabini na kitu, anaishi peke yake Usagara. Jumapili ile kabla ya kuanguka, Masanja alikwenda kumzibia bati linalovuja, akala kwake ugali na sato. Basi, ugali huo ndiyo kesi. Majirani wamekataza watoto wao kuingia uani kwake, na mlango wake umeshapigwa mawe.

Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo, na mimi nimeitwa shahidi. Wanataka nisimame niseme kwamba Masanja alipimwa na alikuwa mzima. Nilimweleza mke wangu kila kitu. Akaniambia, "Nyamaza, baba. Yule bibi ameshakula chumvi nyingi, wewe wako ndio kwanza wanaota meno." Nikisema ukweli kazi sina, na wale kaka zake sijui kama watanibakiza. Nikinyamaza, huku kwetu mnajua bibi aliyeitwa mchawi anaishia wapi.

Jana nilikwenda Usagara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, yeye akakaa chini. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa naye kila siku. Kweli alikuwa mzima?" Alinifungulia mlango kabisa wa kusema ukweli. Nikamjibu, "Alikuwa mzima, shangazi."

Halafu akasema, "Basi labda ni mimi kweli. Labda ninao huo uchawi na sijijui."

Nikaaga nikaondoka, na hata hapo sikulia. Ndugu zangu, pole zenu sizihitaji. Jumamosi nikisimama mbele ya wale watu, niseme nini?