Swali la Kumi na Moja

Siku ya kwanza kazini nilichonga penseli nne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sikuwa na cheti chochote. Udodosaji, yaani kupita nyumba kwa nyumba ukiuliza maswali ya fomu, nilijifunza mwenyewe kwa kusoma mwongozo hadi nikaukariri. Hakuna nilichoogopa kama kukosea.

Tulipangiwa mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Swali la kumi na moja lilisema: "Umewahi kubakwa?" Mama Brian, fundi wa nguo, alicheka. "Aii, madam! Hiyo ni mambo ya magazeti." Nikaandika La. Jioni nilimkabidhi Msimamizi wetu fomu ishirini.

Alizipekua. "Zote La? Msichana, umeuliza kina mama ama umeuliza ukuta?"

Nakiri, nililia chooni. Kumbe hakuwa ananilaumu. Swali ndilo lilikuwa bovu. "Wakisikia neno hilo wanaona mtu wasiyemjua, kichakani, na kisu," alisema. "Aliyefanyiwa na mumewe au mjomba wake hajioni humo." Tukapewa swali jipya, na amri ya kumuuliza kila mtu akiwa peke yake.

Nikarudi kwa Mama Brian. "Kuna mtu yeyote amewahi kukulazimisha kulala naye, wewe hutaki?"

Alisimamisha cherehani. "Hata kama ni baba ya watoto?"

"Hata yeye."

"Basi andika." Akakunja kitambaa alichokuwa akishona. "Ni mimi tu?"

Saa moja kabla, jirani yake Mama Shiru alikuwa ameniuliza hivyo hivyo. Kanuni ya siri ilinifunga mdomo. "Si wewe tu," nikasema. "Ni wengi kuliko nilivyodhani." Nikampa karatasi yenye anwani ya kliniki, kama nilivyompa jirani yake.

"Huko siendi peke yangu," alisema. Siku nyingi sikulala vizuri, nikiona nimemfungua kidonda nikamwacha.

Wiki tatu baadaye nilimkuta yeye na Mama Shiru karibu na maduka ya Adams Arcade, wameshikana mikono, wakielekea kliniki. Mama Brian alinivuta kando. "Nilimwambia nikimpima rinda," alininong'oneza. "Kumbe hata yeye! Na tumekaa ukuta mmoja miaka sita."

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza maswali ya kitaalamu: sampuli, kanuni, idhini. Nawajibu yote. Kisha nawaomba wakishaandika Ndiyo wasifunge fomu haraka, kwa sababu huyo mama bado ana swali lake.