Mashuka Juu ya Masale

Tulipomaliza matanga ya mama, kule kwetu milimani juu ya Gonja, nilifungua sanduku lake la bati na harufu ya moshi ikanipokea kabla sijaona kilichomo. Yalikuwa mashuka, yamekunjwa kihospitali, kona kwa kona, lakini yananuka jiko la kuni. Nililia, kisha nikacheka kidogo. Sababu nitawaeleza ninyi, kwa kuwa hamkumfahamu baba.

Mama alikuwa dobi wa hospitali ya misheni tangu kabla sijazaliwa. Mashuka ya wagonjwa aliyaanika juani, meupe, kijiji kizima kikiyaona. Ya kwetu aliyaanika jikoni, kwenye kamba juu ya mafiga, chungu cha makande kikitokota chini yake. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikwenda shule nikinuka moshi, mimi mtoto wa dobi. Niliamini kabisa kwamba mama aliwapenda wagonjwa kuliko sisi.

Baba alikuwa kitandani mwaka wa pili. Zamani ndiye aliyesimamia mfereji na kugawa zamu za maji, na wanaume wazima walinyamaza akizungumza. Kiharusi kikamchukua upande mmoja na sauti. Mama alimgeuza, akamnyoa, akamlisha, ndipo akakimbilia kazini. Kila asubuhi alimwuliza, "Baba Namsifu, leo tupike nini?" Baba hakuweza kujibu, na sote tulijua ni makande.

Siku moja baragumu la msaragambo lililia, kuwaita watu wakazibue mfereji. Mama alikuwa ameshakwenda kazini. Nikaona nimfurahishe. Nikayatoa mashuka ya baba jikoni, pamoja na ule mpira aliotandikiwa baba ili godoro lisilowe, nikayaanika juu ya ua wa masale, kando kabisa ya njia. Watu wakapita na majembe yao. Mmoja akaugusa mpira kwa mpini, akasema, "Kumbe mkubwa wa mfereji siku hizi anajimwagilia mwenyewe." Wakacheka. Kitanda cha baba kilikuwa dirishani. Aligeuza uso ukutani, na uji wa saa nne akaukataa.

Mchana mama alirudi kumgeuza, kama kawaida yake. Aliuona ua, akaniuliza nani amepita, nikamwambia na maneno yaliyosemwa. Hakunipiga. Aliingia ndani akatoa mashuka yote ya nyumba, yangu, ya wadogo zangu, yake mwenyewe, akayalowesha kwenye karai na kuyaanika sambamba na yale ya baba, mpaka usingeweza kujua lipi ni la nani. Watu waliporudi kutoka mfereji aliwasubiri pale uani.

"Jamani, huyu Namsifu atanimaliza," alisema akininyooshea kidole, kwa sauti ya kufika dirishani. "Miaka kumi, bado anakojoa. Analala kwangu, kwa wadogo zake, kote analowesha. Mpaka mpira nimemtafutia."

Jirani yetu Mama Mbonea alicheka hadi akaegemea jembe. Tangu siku hiyo nikawa Kikojozi, darasani, kisimani, hata kwenye kwaya ya watoto, mpaka namaliza la saba. Nilimchukia mama, sitaficha. Jioni ile baba alikula sahani nzima, na mimi nilimtazama akila bila kuelewa chochote.

Nilielewa nikiwa nimeolewa, mume wangu alipougua akashindwa kufika chooni, akanishika mkono akinisihi nisimwambie mtu. Kufikia hapo baba alikuwa amekwisha kufa, na watu walimzika kwa heshima zake zote.

Siku ya mazishi ya mama wasifu wake ulisomwa: mke mwema, mama mwenye upendo, mfanyakazi wa miaka mingi. Yote kweli. Baadaye Mama Mbonea, sasa kikongwe, aliitikia shikamoo yangu, akaniganda mkono mbele ya wakwe zangu.

"Huyu mnamwona hivi," akawaambia, "alikojoa kitandani mpaka mama yake akachoka."

Jibu nilikuwa nalo tayari kwa miaka mingi. Wote walinitazama, wakicheka huku macho yamewavimba kwa kilio.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Nilimsumbua sana."