Pini Mdomoni

Tarehe 9 Machi 2017, Bi Pini aling'olewa jino la chini upande wa kulia. Jino lilikuwa zima. Daktari wa meno alimwambia hivyo, lakini mwenyewe akashikilia litoke. Likatoka, maumivu yakabaki. Kumbe kilichouma ni mshipa wa fahamu wa uso: upepo wa feni ukimgusa shavu tu, alipigwa na kitu kama shoti ya umeme, akang'ang'ania cherehani mpaka kipite.

Jina alilipata kazini. Akipima pindo la gauni hupiga magoti, pini amezibana midomoni, anazichomoa bila kuangalia.

"Leo umbea umepata kufuli," wateja humtania. Naye hucheka kwa pua.

Vidonge vilimlevya hadi akakata mikono miwili ya kushoto kwa koti moja. Hospitalini wakamhamishia kwenye sindano ya ganzi, nayo ikawa inaisha kabla ya jioni. Mwaka huu daktari alichanganya dawa ya pili kwenye sindano ili ganzi ikawie. Ikakawia siku kadhaa. Bi Pini alinawa uso kwa viganja viwili, akatafuna mkate, akalala kwa ubavu wa kulia.

Kesho yake, ganzi ikiwa bado imemshika, akapiga magoti mbele ya mteja, pini mdomoni. Binti yake, aliyekuwa akishona pembeni, akainua macho.

"Mama, damu!"

"Wapi?"

Pini ilikuwa imemchoma mdomo na kunasa, naye hana habari. Nyingine haikuonekana sakafuni wala kwenye pindo. Eksirei iliionyesha tumboni.

Ilitoka salama. Binti akamfunga kimto cha pini mkononi.

"Sasa fanya kama mafundi wengine, mama."

"Nitafanya."

Mazoea yana tabu. Kabla ya adhuhuri mteja alimshika mkono: "Fundi, unazitia tena." Binti akazifungia pini kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Mama akaketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

Ganzi ilipoisha, moto ulirudi. Sindano iliyofuata ilidumu asubuhi moja na kidogo tu. Daktari akasema kilichobaki ni kuuchoma mshipa wenyewe, na huenda mdomo usihisi tena.

"Na kazi?" binti akauliza.

"Kazi ipi? Ufunguo si unao wewe."

Jumatatu atalazwa, mshipa uchomwe. Gauni la mteja litamaliziwa na binti.