Machenza Yasiyosuuzwa

Desemba ile Shuhei alipanda kutoka Osaka na neno lake tayari mdomoni. Alilitoa kabla hata chai ya mama yake haijapoa.

"Mama, machenza yakioza tena kama mwaka jana, ghala tunalibomoa. Utakuja kukaa na sisi mjini."

Tazuko akamwongezea chai. Ghala lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, kuta za udongo na mbao, na vidirisha vyake vya chini ambavyo yeye hufungua na kufunga kulingana na baridi. Zamani vilima vyote vya Shimotsu vilijaa maghala ya namna hiyo. Machenza huchumwa Desemba, yakalala humo hadi Februari, ukali ukageuka utamu. Marehemu mumewe, Yasukichi, alikuwa akisimama mlangoni ananusa mara moja tu, kisha anasema, "Safu ya tatu, kuna moja limeingia ukungu." Na kweli utalikuta, limeota manyoya ya kijani mgongoni. Siku zile, jamani, zilikuwa siku! Tazuko angetoa chochote alicho nacho kuiona tena pua ile ikitangulia mlangoni.

Baridi iliyopita, ya kwanza bila Yasukichi, theluthi nzima ya machenza ilioza. Majirani walisema mwanamke kazeeka. Naye akawaamini.

Alikuwa ameletwa kilimani na ndoa, binti wa bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Mama mkwe wake, Hatsue, alikuwa na ulimi mkali kama wembe. "Nyie wa bondeni mnajua mpunga tu! Chenza unalikata kikonyo mara mbili, mwanangu, mara mbili! Kikibaki kirefu kitalitoboa jenzake, na ukungu hautaki mlango, unataka tundu tu."

Siku moja kikapu kikamponyoka, machenza yakabingirika hadi kwenye tope la mtaroni. Akayazoa, akakimbia nayo ghalani, ambako kulikuwa na ndoo ya maji ya vuguvugu aliyoyatia magadi, yale yale ya kuchemshia mboga za msituni ili ziache uchungu. Akayaosha yote humo. Alipotaka kuyasuuza kwa maji safi, akasikia kikohozi nje. Hatsue huyo! Akayatandaza kwenye sanduku hivyo hivyo na magadi yake, akalisukuma chini kabisa ya safu, mahali upepo wa kidirisha unapopita. Kikohozi kikasikika tena, safari hii kirefu, ndipo mlango ukafunguka.

"Mbona unahema? Umekimbizwa na nguruwe?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Februari ukungu ulikuwa umepita kila sanduku isipokuwa lile la chini. Machenza yake yalikuwa na vumbi jeupe kwenye maganda, mazima kabisa. Hatsue aliyatazama sana. Hakusifu wala hakuuliza. Lakini Desemba iliyofuata Tazuko aliikuta ndoo ya magadi imeshawekwa mlangoni pa ghala, na ikawa hivyo kila mwaka.

Miaka mingi baadaye, Hatsue yuko kitandani na pumzi zimebaki chache, alimshika mkono mkwewe. "We binti wa bondeni. Mimi nilikuona tangu kikapu kinaanguka." Tazuko alilia siku ile kuliko alivyomlilia mama yake mzazi.

Sasa alikuwa ameinama juu ya ndoo ile ile, Shuhei akaja anaburuta mpira wa maji.

"Tuyasuuze kama mwaka jana, mama. Wanunuzi hawapendi ule unga unga."

Tazuko akainuka taratibu. Mwaka jana alikuwa na msiba, na mtoto alivyojitolea kusaidia, yeye akafurahi tu, akamwachia kila kitu.

"Funga huo mpira."

"Lakini, mama..."

"Funga, nakwambia! Unga huo ndio mlinzi. Umemfukuza mlinzi wewe mwenyewe, halafu unashangaa mwizi kaingia? Utayafuta siku ya kuuza. Sasa hivi yaache yakauke na magadi yake."

Shuhei akafunga mpira, amenuna kama alivyokuwa akinuna utotoni.

Februari alirudi na futi ya kupimia mfukoni, maana alikwisha kupanga kwamba ghala likiondoka, pale pataegeshwa gari. Tazuko alisimama mlangoni. Shuhei alifungua sanduku moja baada ya jingine. Katika masanduku sitini aliokota machenza kumi na moja yaliyooza. Akafika lile la chini kabisa, akatwaa moja, akalifuta vumbi kwenye suruali, akalimenya, akalila. Kisha akala la pili. Futi haikutoka mfukoni.

"Nani alikufundisha haya, mama?"

"Bibi yako."

"Bibi Hatsue? Alikuwa anajua mambo ya magadi?"

"Wapi!" akasema Tazuko. "Alijua kukohoa."