Simu ya Jirani

Mimi ni mjuaji. Hata leo mtu akikosoa kazi yangu, masikio yanapata moto kabla hajamaliza kusema. Na ni hiyo tabia iliyonifikisha pabaya.

Ofisi moja ya madaktari wa mifugo hapa Eldoret ilinipa kazi. Kwa miaka mingi, mkulima aliyekuwa na ng'ombe mgonjwa alipiga simu, na karani wao, mama aliyekuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akaandika kwenye kaunta buku na kumpigia daktari aliye karibu. Mimi nikaja na app. Si ya kuandika code, zile amri za kompyuta, mpaka macho yaume. Ni ile ya kupanga visanduku kwenye skrini, fomu hapa, kitufe pale. Kazi yenyewe ilikuwa nyuma yake, kwenye cloud: kukodi mahali pa kuweka data, kuamua nani aone nini, kuhakikisha ombi la mkulima linafika kwa simu ya daktari. Nilimaliza yote kwa siku nne nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Pioneer, na haki ya Mungu nilijiona mkali.

Nikaweka sheria moja. Kila mkulima atajulikana kwa nambari yake ya simu. Nambari ikituma mara mbili siku hiyo hiyo, ombi la pili lifute la kwanza, maana network ikisumbua watu hubonyeza ovyo ovyo.

Nilipowaeleza ofisini, mama karani akainua macho. "Na wale wa simu moja, baba? Kule Timboroa mtu hutuma kwa simu ya jirani."

"Mama, siku hizi nani hana simu?"

"Haya," akasema, akarudi kwa chai yake. Ningemuuliza swali moja tu! Lakini wapi, mimi na kichwa changu.

Mvua ilipoanza, mjane mmoja kule Timboroa, mwenye ng'ombe mmoja tu, aliona ng'ombe ameshindwa kuzaa. Akakimbia kwa jirani, na jirani akamjazia fomu kwa simu yake. Saa moja baadaye jirani huyo huyo akaomba ndama wake wakatwe pembe, kisha akaenda zake sokoni. Sheria yangu ikafanya kazi vizuri kabisa, ikafuta ombi la mjane. Daktari akaja kwa jirani, akakata pembe, akaondoka. Mjane alikuwa zizini ameshika kichwa cha ng'ombe. Aliisikia pikipiki ikiingia ng'ambo ya ua, akamwambia ng'ombe, "Amefika, ngoja kidogo." Akadhani daktari akimaliza pale atavuka. Alipotoka mbio hadi barabarani, pikipiki ilikuwa imeshateremka. Ng'ombe alikufa na ndama tumboni.

Habari zilipofika ofisini, kosa langu nililiona kwa dakika tano, nikalirekebisha kwa kumi. Sikumwambia mtu. Mwenye ofisi akanituma niende kutoa pole, na yule mjane akanikaribisha chai ya strungi, akiomba radhi kwamba nyumba haina maziwa. Woi! Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akaniuliza polepole, "Niambie ukweli, mwanangu. Huyu jirani alituma kweli?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Labda hakubonyeza vizuri, Mama."

Akanishukuru kwa kuja.

Miezi kadhaa baadaye jina la mjane likatokea kwenye app likiwa na nambari yake mwenyewe. Nikamwonyesha mama karani kwa furaha, si ndiyo maendeleo hayo? Hakucheka.

"Wale wawili walikuwa wanaombana hata chumvi," akasema. "Siku hizi hawasalimiani. Yule mama anasema jirani alimwacha ng'ombe wake afe ndiyo ndama wa jirani washughulikiwe kwanza. Naye jirani, mzee wa watu, amejitetea mpaka amechoka."

Nilitoka nje nikasimama karibu na geti. Naona aibu kuandika hivi, lakini jambo la kwanza nililoshukuru ni kwamba mama karani hajui nilichosema kule.

Nambari ya mjane ninayo. Nimempigia mara mbili. Mara zote mbili alishika, akasema, "Halo? Ni nani?" na mimi nikakata.